Athens kwa miguu: panda asubuhi, shuka kwa vichochoro

Jamaa wanaokuja kunitembelea hapa Athens huwa na ombi moja: tupeleke Acropolis, kilima cha mahekalu ya kale. Nawapeleka, ila kwa masharti. Tiketi inunuliwe mapema mtandaoni, kwa sababu kila tiketi ina saa yake ya kuingilia, na saa ya kuchagua ni ile ya kwanza asubuhi. Jua la Julai na Agosti halina huruma. Siku za joto kali sana kilima hufungwa mchana. Viatu viwe vya soli inayoshika, maana marumaru ya pale imekanyagwa karne kwa karne hadi inateleza kama sabuni.

Ingia kwa lango la kusini, karibu na kituo cha metro cha Akropoli, upitie ukumbi wa maigizo wa Dionysus, mungu wa divai. Ukifika juu, kwenye Parthenon, hekalu kuu la kilima, usiharakie picha. Tazama nguzo: utaona viraka vyeupe katika jiwe lililogeuka manjano. Ni marumaru mpya ya mlima wa Penteli, uleule uliotoa mawe ya kale, imechongwa ikafuata mpasuko wa jiwe la kale hata ncha ya kisu haipenyi. Ujenzi ulianza mwaka 447 KK. Jengo likawa hekalu, kisha kanisa, kisha msikiti, mpaka 1687 kombora la Wavenisi lilipoangukia baruti ya Waturuki iliyohifadhiwa ndani, likalipuka. Kwenye Erechtheion, hekalu la jirani, nguzo zenye umbo la wanawake unazoziona ni nakala. Watano wa asili wako kwenye jumba la makumbusho chini ya kilima, wa sita yuko London, na pale makumbusho nafasi yake imeachwa wazi. Mimi huumia kila nikiiona.

Toka kwa lango la magharibi, ufuate barabara ya Theorias hadi Anafiotika. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko kote. Ni nyumba ndogo nyeupe zilizojengwa karne ya 19 na mafundi wa kisiwa cha Anafi, waliokuja kuujenga mji mkuu wa Otto, mfalme wa kwanza wa Ugiriki ya sasa. Baadhi ya vichochoro hampishani watu wawili. Watu wanaishi humo, kwa hiyo punguza sauti, usichungulie madirisha, na ukimkuta mzee mlangoni mwamkie: kalimera, yaani habari za asubuhi. Kisha inua macho kwenye ukuta wa kaskazini wa kilima. Yale mawe ya duara yaliyopangwa ndani yake ni vipande vya nguzo za hekalu lililobomolewa na Waajemi mwaka 480 KK. Waathene waliyaweka hapo yaonekane na mji mzima.

Mtaa wa Plaka, chini ya kilima, pita tu, maduka ya zawadi yanafanana. Ukiwa bado na nguvu, nenda Agora, uwanja wa soko wa kale, ulione hekalu la Hephaestus, mungu wa wahunzi, lililosimama karibu zima. Umati ukikuchosha, nenda Kerameikos, makaburi ya kale yenye nyasi na kobe, ambako hata mchana utapata pa kukaa peke yako.