Taco za maharagwe na kachumbari

Taco ni mkate mwembamba wa Meksiko unaokunjwa ukiwa na kitoweo ndani. Kwa taco 8, loweka kikombe 1 cha maharagwe ya rosekoko usiku kucha. Mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 za kwanza, kisha punguza moto hadi yaive kabisa. Bakisha nusu kikombe cha supu yake.

Kaanga kitunguu 1, punje 3 za kitunguu saumu, kijiko kidogo cha jira na nyanya 2 mpaka mafuta yajitenge. Tia maharagwe na chumvi, ponda nusu yake kwa mwiko, ongeza supu kidogo kidogo. Yasipopondwa hudondoka kila ukiuma; yakizidi maji, mkate hulowa na kuraruka. Pitisha mwiko: njia yake isijifunge mara moja.

Meksiko huchemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga, ndiyo maana donge lao hushikana. Unga wetu wa ugali peke yake hupasuka. Changanya kikombe 1 cha huo na 1 cha ngano, chumvi, na maji moto karibu robo tatu ya kikombe. Funika dakika 20. Sukuma mikate 8, myembamba kuliko chapati, uchome kwenye kikaango kikavu, dakika 1 kila upande. Ifunike kwa kitambaa, la sivyo itakakamaa.

Kachumbari ni kabichi, dania, ndimu na nyanya ngumu (soko la Kibuye, Kisumu, hazikosekani) zilizotolewa mbegu. Chumvi itie wakati wa kula tu, maana huvuta maji. Avokado pia ikate mwisho.