Kujenga nyumba ya wageni ndani ya shamba la miembe na minazi, Malindi

Usianze na ramani ya nyumba, anza na miti. Pita shambani asubuhi, pita tena alasiri, tia alama kila mwembe utakaobaki, ndipo uitafutie nyumba nafasi katikati yake. Nyumba ilale mashariki-magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini: utapata upepo wa kusi na wa kaskazi, na jua la jioni litapiga ukuta mfupi tu.

Kati ya paa na mnazi mrefu acha mita 6 au zaidi. Kuti kavu lina urefu wa mita 4 hadi 6, nalo likianguka huchana paa, achilia mbali nazi yenyewe. Mkwezi apande kila miezi 2 au 3 kuangua. Meza ya chakula isikae chini ya mwembe, hata kivuli kipendeze vipi. Msimu wa ngowe na boribo, embe zilizopasuka hujaa inzi na nyuki.

Baraza ndiyo itakayomfanya mgeni alione shamba, kwa hiyo usiibane: mita 2.5 kwenda ndani, na kikalio cha sentimita 45. Wengi huharibu kwenye upenu. Ukishuka hadi mita 1.8, aliyeketi huona mashina matupu. Basi fundi hulaza paa ili kuuinua, na hapo ndipo balaa: makuti yakilala chini ya digrii 45, maji hukawia juu yake, yakaoza, paa likavuja. Refusha nguzo badala yake, upenu ufike mita 2.1 juu ya sakafu. Macho ya aliyeketi yako kwenye mita 1.2 hivi, akikaa mita 1.5 ndani ya upenu, mwembe wa mita 12 ulioko mita 20 mbele yake atauona hadi kileleni.

Chumbani, dirisha lianze sentimita 60 kutoka sakafuni, aliyelala naye aone nje. Mchanga usichotwe ufuoni. Chumvi hula nondo na zege hupasuka. Boriti na pau zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupandishwa.

Njia ya kwenda vyumbani iwe na upana wa mita 1.2, ipinde kufuata miti, wala usiimwagie saruji, kwani mizizi ya mwembe itaiinua. Taa ziwe za kimo cha goti na zimulike chini. Zikiwa juu, wadudu wote wa shambani watahamia barazani.