Somo: Kuunganisha kompyuta na saundi kadi ya nje mpaka kwenye spika, na namna ya kuukata ule mvumo

Habari za jioni wakuu. Juzi niligusia saundi kadi ya nje, wakanifuata pembeni watu kadhaa kuuliza hicho kitu ni nini na kinaungwaje. Nalimwaga hapa mara moja, nisije nikajibu mmoja mmoja mpaka Idi.

Kwanza jaribio. Kama sabufa yako umeichomeka kwenye tundu la hedifoni la laptopu, simamisha wimbo, pandisha volyumu ya sabufa hadi karibu na mwisho, kisha sogeza kipanya taratibu. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa inatoa kamlio kembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo, na kila nikisogeza kipanya kanabadilika. Nikifungua faili kubwa, kanapiga kelele zaidi.

Sababu ni hii. Ndani ya kompyuta muziki ni namba tupu. Wimbo wa CD ni namba 44,100 kila sekunde kwa spika ya kushoto, na nyingine 44,100 kwa ya kulia. Spika haijui namba, inataka umeme unaopanda na kushuka. Kuna chipu inayofanya kazi ya kugeuza, wenyewe wanaiita DAC, na kwenye laptopu imebanwa kwenye bodi moja na prosesa, feni na wengineo. Kelele za umeme za hao majirani zinapenya kwenye sauti. Saundi kadi ya nje ni chipu hiyohiyo iliyohamishiwa kwenye kiboksi chake.

Ukifanya jaribio ukakuta kimya, usinunue kitu. Hela hiyo ongezea kwenye spika, maana spika mbovu haitibiwi na saundi kadi ya bei yoyote.

Mimi natumia Behringer UCA202. Ni kiboksi kidogo cha kuenea kiganjani, waya wa USB umeshikizwa humohumo, kinakula umeme wa kompyuta na hakidai draiva, yaani programu ya kukitambulisha kwa kompyuta. Kinaishia biti 16 (upana wa kila namba) na kilohezi 48 (namba 48,000 kila sekunde). Wapenda namba kubwa watacheka, lakini CD yenyewe ni biti 16 na kilohezi 44.1, kwa hiyo taarabu na bongo fleva zinapita bila kubanwa. Utahitaji pia waya wa RCA, ule wa pini nyekundu na nyeupe huku na huku, na spika zenye amplifaya ndani: sabufa au monita za studio.

Hatua ya 1. Zima sabufa, volyumu yake ishushe hadi sifuri.

Hatua ya 2. Chomeka RCA. Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Angalia maandishi: kiboksi kina OUTPUT na INPUT, na matundu yanafanana kama mapacha. Waya unatoka OUTPUT ya kiboksi unaingia AUX au INPUT ya sabufa. Ukikosea hapa hakuna kinachoungua, ila utakaa na ukimya wako.

Hatua ya 3. USB ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, siyo kwenye kigawanyio ambacho tayari kina flashi, kipanya na feni ya kupozea. Kama kadi yako ni ile ya waya wa kuchomoa, jihadhari na nyaya za chaja za simu. Nyingine zina nyuzi za umeme tu, za data hazimo. Taa inawaka vizuri kabisa na kompyuta haioni chochote.

Hatua ya 4. Iambie kompyuta itolee sauti huko. Windows 10 na 11: bofya kwa kitufe cha kulia alama ya spika pale chini, fungua Sound settings, chagua kadi kwenye Output. Yangu inajitambulisha kama USB Audio CODEC. Mac: System Settings, Sound, Output. Wa Linux, fungua dirisha la amri (terminal), andika aplay -l uone kama imeorodheshwa.

Hatua ya 5. Sauti ya kompyuta iweke 100, halafu washa sabufa na upandishe kwa volyumu ya sabufa. Wengi wanafanya kinyume: kompyuta 20, sabufa imejaa. Hapo muziki unaingia mdogo kwenye amplifaya, na amplifaya inaukuza pamoja na mchakacho wake yenyewe.

Siku zote sabufa iwe ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa, usije ukapigwa ule mshindo wa "puu!".

Sasa mvumo. Huu ni tofauti na kamlio ka mbu. Ni sauti nzito, "mmmm", isiyobadilika hata ukisogeza kipanya. Umeme wetu ni hezi 50, na huo ndio unaousikia. Nilikaa jioni nzima nabadilisha waya za RCA, nimeshaanza kumlaumu aliyeniuzia, mpwa wangu akaingia, akachomoa chaja ya laptopu ili achaji simu yake. Mvumo ukakata papo hapo. Chaja ile ni ya pini tatu, ina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Sabufa nayo ilikuwa na njia yake ya ethi kwenye soketi ya ukuta wa pili. Waya wa RCA ukawa daraja kati ya ethi mbili, na mvumo ukapita hapo.

Nilichofanya ni kuchomeka chaja na sabufa kwenye ekstensheni moja, mvumo ukapungua hadi siusikii nikikaa kwenye kochi. Kama kwako hautoshi, kuna kifaa kidogo chenye transfoma ndani kinachokaa katikati ya waya wa RCA, kinakata hilo daraja. Lakini msikate pini ya ethi ya chaja, tafadhali. Najua mafundi wanaoshauri hivyo. Pini ile ipo ili umeme ukivuja usipite mwilini mwako.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, sauti imekuwa safi kweli, lakini tangu jana kwenye Zoom hawanisikii.
Jibu: Kadi hii ina njia ya kuingiza sauti pia, kwa hiyo Windows imeifanya ndiyo maikrofoni. Rudi Sound settings, kwenye Input chagua maikrofoni ya laptopu. Kwenye Zoom yenyewe kagua pia.

Swali: Mkuu, kile kidude cha volyumu kwenye kiboksi nazungusha na sabufa haishuki. Kimekufa?
Jibu: Hakijafa. Ni cha hedifoni tu, RCA haimhusu.

Swali: Nina spika mbili za redio ya zamani, zina waya mwekundu na mweusi. Nichomeke moja kwa moja kwenye kadi?
Jibu: Hapana dada, hutasikia kitu cha maana. Kadi inatoa umeme mdogo sana, spika hizo zinataka amplifaya katikati. Soma nyuma ya spika, 4 au 8 om, utafute amplifaya inayokubali. Ukifunga, nyekundu iende nyekundu kwa spika zote mbili. Ukigeuza moja, besi inapotea na sauti ya mwimbaji haikai katikati.

Swali: Mimi nimetoka kwenye TV kwa waya wa optiko, ule unaopitisha sauti kwa mwanga, kwenda DAC. Taa nyekundu naiona kwenye ncha ya waya, sauti hakuna.
Jibu: Mawili. Kwenye mipangilio ya sauti ya TV weka PCM, yaani zile namba tupu, maana ikiwa inatoa Dolby Digital, ambayo namba zake zimefungashwa kwa namna nyingine, DAC ya kawaida haielewi. La pili, waya mpya unakuja na kofia ndogo za plastiki angavu kwenye ncha, hazionekani kirahisi. Je, pini inaingia mpaka inalia "tik"?

Swali: Hailii. Ngoja niangalie.

Swali: Nimezikuta mwalimu. Zote mbili.