Kijerumani au Kithai? Mambo ya kuzingatia kabla hujalipa ada

Anza na sababu. Kama unataka Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, au uuguzi Ujerumani, mjadala umeisha: jifunze Kijerumani na uache kuuliza kipi ni rahisi. Anayemfuata mume au mke kwa kawaida hudaiwa cheti cha A1, ngazi ya chini kabisa ya lugha (kisha A2, B1, B2 na kuendelea), Ausbildung mara nyingi hudai B1, na wauguzi hupanda hadi B2 ndipo taaluma yao itambuliwe. Thailand hakuna anayekudai cheti cha lugha ili ukanunue nguo Pratunam, soko la Bangkok, au ukauze vito kwenye mji wa Chanthaburi. Huko adhabu ya kutojua utailipa sokoni.

Usitishwe na orodha za lugha ngumu. Ile maarufu ya chuo cha wanadiplomasia wa Marekani hukipa Kijerumani takriban wiki 36 na Kithai wiki 44, lakini imepimwa kwa watu wa Kiingereza. Kiswahili chenyewe wamekiweka kundi moja na Kijerumani. Sasa hiyo itakusaidia nini wewe?

Hesabu mtaji wako mwenyewe. Kwenye Kithai, ng' ya ng'ombe inaanza maneno chungu nzima (nyoka ni ngu, kazi ni ngan), na wageni wengine huhangaika nayo miezi. Saa za usiku wanazihesabu kama sisi: nueng thum ni saa moja usiku, song thum saa mbili, hadi saa tano. Baada ya hapo mnaachana. Kitenzi hakinyambuliwi wala hakibadiliki kwa nafsi au wakati, na nomino hazina jinsia. Kwenye Kijerumani una herufi unazozijua, una kh ya kheri ambayo ndiyo ch ya Bach, na umezoea ngeli, kwa hiyo wazo la nomino kutawala maneno yanayoizunguka halitakushangaza.

Mwaka wa Kithai uko mbele kwa miaka 543: 2025 kwao ni 2568. Soma tarehe kwa makini. Na kwa Mjerumani, halb drei ni nusu saa kabla ya tatu yao, si baada yake. Watu wamekosa miadi.

Kwa Kithai, mwanamume humalizia sentensi ya heshima kwa khrap, mwanamke kha. Ukifundishwa na mchumba, usimwige kila kitu.

Sasa hili lifuatalo, tafadhali, lisome polepole. Kithai kina toni tano, na Kiswahili hakina hata moja. Ambao nyumbani wanaongea Kilingala, Kinyarwanda au Kigikuyu wana pa kuanzia, kwa kuwa masikio yao yanajua kwamba sauti ikipanda au kushuka maana inahama. Sisi wengine tunasikia neno lilelile.

Jamaa yangu mmoja ni broka wa mawe hapa Arusha. Alikuwa anapeleka spineli, aina ya kito, za Mahenge huko Chanthaburi, ambako soko la vito huchangamka kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Kithai alijifunza kwa daftari: neno kwa herufi zetu, maana pembeni. Kila aliposikia neno jipya aliandika. Siku moja akapitia daftari akaona klai ameiandika mara mbili, pamoja karibu, pengine mbali. Akajua amekosea kunakili. Akakata ile ya mbali.

Basi akawa anatoka sokoni na begi, anataka kituo cha basi aende Bangkok. Kila aliyemuuliza alimjibu klai. Kumbe klai ya sauti bapa ni mbali, na klai inayoshuka ndiyo karibu. Yeye mwenyewe, kwa lafudhi yetu iliyonyooka, alikuwa anawauliza "Ni mbali?", nao wakimjibu kwa uungwana kabisa kwamba ndiyo, ni mbali. Madereva wa songthaew, pikapu za abiria, walisimama kumpakia, akawapungia mkono waendelee, maana ameambiwa ni karibu. Jua la huko unalijua? Alifika shati linakamulika na basi limeondoka, na huko Bangkok mteja anamsubiri.

Daftari halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la herufi zilizotumika, kwa sababu tahajia ya Kilatini ambayo Wathai wenyewe huweka kwenye vibao vyao haionyeshi toni wala urefu wa irabu. Mai inaweza kuwa "si", "mpya", "mti" au neno la kuulizia swali. Mwandiko wao ndio unaobeba toni: konsonanti 44, mbili hazitumiki tena, zimegawanywa makundi matatu, na kundi pamoja na alama ya juu ndivyo hasa vinavyokusaidia kujua sauti iende wapi. Unatisha, irabu zinakaa mbele, nyuma, juu na chini ya konsonanti, na maneno hayaachiwi nafasi. Jifunze hivyo hivyo, wiki ya kwanza. Anayekwambia "herufi baadaye" anakuchimbia shimo.

Kijerumani kina ugonjwa huohuo kwa sura nyingine. Kwetu ngeli imeandikwa usoni mwa neno: kitabu, vitabu. Tisch, yaani meza, haikuonyeshi lolote. Ukilikariri bila der, kineno cha mbele kinachoonyesha jinsia ya nomino (nyingine huchukua die au das), hutajua igeuke dem au den ukifika "kitabu kiko mezani", auf dem Tisch, na "weka kitabu mezani", auf den Tisch, ambapo sisi tunasema mezani kote kuwili. Nimewaona wanafunzi wa B1 wakirudia msamiati wote wa A1 ili wautafutie der, die na das. Andika kila nomino na der, die au das yake na wingi wake. Zinazoishia na -ung karibu zote ni die, angalau hizo zimekuhurumia.

Wakala akikuahidi B2 kwa miezi mitatu, piga hesabu. Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani ya lugha na utamaduni yenye ofisi Nairobi na Dar es Salaam, hukadiria vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kufikia B2. Vipindi ishirini kwa wiki, miezi mitatu, hufiki hata nusu. Mtihani wa B1 una sehemu nne, kila moja unahitaji alama 60 kati ya 100, na uliyofeli unaweza kuirudia peke yake. Uliza nafasi za mtihani kabla ya kulipia kozi. Usinunue cheti. Usimwachie mtu pasipoti "akusaidie". Ukienda Bangkok, mwombe mtu wa hoteli akuandikie anwani kwa Kithai, uiweke mfukoni na uipige picha pia, simu huzima.