Mapenzi Bila Uso: Jinsi ya Kutengeneza Katuni ya Vivuli

Mwaka 1919, mjini Berlin, binti wa miaka 20 aitwaye Lotte Reiniger alitoa katuni yake ya kwanza, iliyokatwa kwa mkasi. Jina lake ni Das Ornament des verliebten Herzens, yaani pambo la moyo uliopenda. Wapenzi wawili ni vivuli vyeusi, na katikati yao pana pambo. Hali zao zikibadilika, pambo nalo hubadilika umbo. Mimi nimejifunza kila kitu kutoka kwenye wazo hilo moja: kivuli hakina machozi wala tabasamu, kwa hiyo mapenzi lazima yakae kwenye kitu kilicho kati ya wawili.

Basi anza na kitu hicho, kabla hujagusa mkasi. Vijana ninaowafundisha hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, karibu wote huchora kopa. Huwa nawakatalia. Kopa limeshasema yote likitokea tu, halina pa kwenda. Tafuta kitu kinachoweza kuiva, kupasuka, kubingirika. Mimi nilichukua buni. Bibi yangu alilima kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na tangu utotoni najua kwamba ukiminya tunda lililoiva zinatoka mbegu mbili, zilizokuwa zimelaliana kwa ubapa. Waganda, watu wa Buganda, zamani walifunga udugu wa damu, omukago, kwa kutafuna mbegu za buni moja. Ule ni udugu, si uchumba, lakini uzito wake unaingia kwenye picha wenyewe.

Andika safari ya kitu chako kwa mistari michache. Yangu: buni nzima tawini, msichana ananyoosha mkono, buni inamgeukia, yeye na kijana wanagombana, ganda linapasuka na mbegu zinabingirika, kila moja upande wake.

Sasa kata. Manila nyeusi inatosha, na wembe mpya. Wapenzi wakate kwa ubavu, maana pua, kidevu na kisogo ndivyo vitakavyowatambulisha. Kila kiungo kikate peke yake: shingo, bega, kiwiko, nyonga, goti. Toboa kwa sindano, pitisha waya mwembamba wa shaba, uviringishe ncha zake pande zote mbili. Mbegu nazo zikate kwa ubavu, kama nusu mwezi mbili, ili zikikutana ziwe duara. Ukiikata mbegu kutoka mbele inaonekana kama kokoto.

Meza ni kioo cha dirisha juu ya matofali, na karatasi nyeupe nyembamba juu yake. Chini weka taa ya sola. Usitegemee balbu ya umeme wa nyumbani, mwanga wake hupanda na kushuka na picha zitapepesa. Simu ifunge juu, ikitazama chini, na ufunge fokasi na mwanga visijirekebishe. Pazia liwe limeshushwa, nawe vaa shati jeusi, kwa sababu jeupe hurudisha mwanga juu ya vivuli. Picha piga kwa kitufe cha waya wa spika za masikio, usiiguse simu.

Piga picha moja, sogeza vivuli kidogo, piga tena; zikipitishwa haraka vivuli vitatembea. Picha 12 kwa sekunde zinatosha. Sekunde 40 ni picha 480. Sogeza kidogo sana mwanzoni mwa kila tendo, ongeza katikati, punguza mwishoni. Mkono unaoanza ghafla ni mkono wa roboti, haupendi mtu. Na usiwasogeze wote kwa pamoja. Msichana akigeuka, mwache kijana atulie picha sita hivi ndipo ainue kichwa. Katika zile picha sita mtazamaji anaona kwamba amemsikia.

Mwisho wangu ulinisumbua siku nyingi. Nilitaka mbegu zirudi ndani ya ganda, nikajaribu, ikawa uongo: ganda lililopasuka halishoneki. Nikaliacha chini lilipoangukia. Mbegu zinarudi polepole, moja inasimama kidogo njiani, kisha zinalaliana ubapa kwa ubapa, wazi, bila ganda. Picha 24 za mwisho nilizipiga bila kugusa kitu chochote.