Dodoma hadi Iringa kwa baiskeli: kushuka Fufu, kuvuka Mtera, kupanda Nyang'oro

Nikisema nimepanda mlima wa Nyang'oro kwa baiskeli yenye mizigo, watu huulizia miguu yangu. Hakuna anayeulizia breki. Ndiyo maana naandika somo hili, kwa sababu safari yangu ya kwanza iliishia Mtera na nikarudi Dodoma kwa basi, baiskeli imefungwa juu ya keria, na mlima wenyewe nilikuwa hata sijauona. Kilichonishinda ni mteremko na bonde.

Kwanza njia yenyewe. Lami hii ilijengwa kwa vipande vitatu: Dodoma hadi ukingo wa Fufu, pale mteremko unapoanza, kilomita 70.9, Fufu hadi Migori ya Iringa kilomita 93.8, na Migori hadi Iringa kilomita 95 na ushee. Jumla yapata 260. Waliogawa walikuwa wanafikiria makandarasi, lakini kwa mwendesha baiskeli vipande hivyo ni siku tatu kamili, kila moja na tabia yake. Dodoma iko kwenye mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, bwawa la Mtera liko chini kidogo ya 700, na Iringa mjini ni juu ya 1,500. Yaani unashuka kwanza, halafu unalipa kile ulichoshuka pamoja na riba.

Hatua ya 1: Gia

Baiskeli za mlimani za mtumba zinazouzwa mjini zinatosha, usidanganywe ununue ghali. Angalia meno. Gia ndogo ya mbele ikiwa na meno 22 na kubwa ya nyuma 34, kwa gurudumu la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 1.3. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita karibu 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi daladala kwa miguu. Ni polepole mno, na ndivyo inavyotakiwa. Ukibaki na meno 42 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja ni mita 3 na zaidi, na hapo magoti yataanza kudai kabla mlima haujachanganya.

Hatua ya 2: Mizigo

Kilo 12 hadi 15, pamoja na maji. Vitu vizito vikae chini, pande mbili za keria, vikiwa sawa kwa uzito. Ukirundika kila kitu juu kama gunia la mkaa, baiskeli itayumba kwenye mteremko na hutajua kwa nini. Spoku za gurudumu la nyuma zikazwe na fundi anayejua kusikiliza: anazigonga kwa kijiti moja moja, inayotoa mlio mzito kuliko wenzake imelegea. Beba tyubu mbili, viraka, solushen, pampu, spoku tatu na raba mpya za breki.

Wiki moja kabla, funga mzigo wote na upande nao Chimwaga hadi UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kisha ushuke. Kinachogonga kitajulikana hapo.

Hatua ya 3: Msimu na saa

Juni hadi Agosti. Kuanzia Septemba joto la bondeni ni la kuadhibu, na Desemba hadi Aprili ni mvua. Msimu huo mkavu una kero moja: upepo wa kusini-mashariki, ule ambao watu wa pwani huuita kusi. Wewe unaelekea kusini, kwa hiyo utakupiga usoni upande wa kushoto siku mbili nzima. Alfajiri upepo huo unalala, ikifika saa tatu au nne asubuhi unaamka na vumbi lake. Ondoka saa kumi na mbili kasoro, mara tu unapoiona lami bila tochi. Siku ya kwanza, kupita Mpunguzi hadi Fufu, uwe umemaliza kabla ya saa sita. Ukilala kijijini, pitia kwanza ofisi ya mtendaji ujitambulishe. Salimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na nusu ya maswali yatakuwa yamejibiwa.

Hatua ya 4: Kushuka Fufu

Hapa naomba usome taratibu.

Mara ile ya kwanza nilishuka nimebana breki zote mbili muda wote, kwa woga. Raba zikisuguana na rimu bila kupumzika, rimu inapata moto, moto unaingia kwenye tyubu, na hewa iliyojazwa alfajiri kwenye baridi inatanuka. Nilisikia kwanza harufu, kama ya kandambili iliyoangukia jikoni. Halafu mlio. Tyubu ya nyuma ilipasuka kwa urefu wa kidole, hapakuwa na kiraka cha kuiziba, na bahati yangu nilikuwa kwenye kipande kilichonyooka. Nilipogusa rimu nilirudisha mkono.

Inavyotakiwa ni hivi. Kabla ya mteremko simama, tazama raba: zikibaki unene wa shilingi mbili zilizobebana, badilisha. Punguza hewa kidogo sana. Anza taratibu, kwa sababu mwendo usioupata juu hutahitaji kuuua chini. Bana kwa nguvu sekunde mbili tatu, mbele na nyuma pamoja, achia kabisa, acha rimu zipulizwe na upepo, bana tena. Punguza mwendo kabla ya kona, usifanye hivyo ndani yake. Kalia nyuma ya siti, mikono ilegee. Kila baada ya dakika tano simama, nusa, gusa rimu kwa nyuma ya kidole. Kama huwezi kuhesabu hadi tatu kidole kikiwa pale, kaa chini ule karanga.

Na malori: ukisikia moja linakuja nyuma kwenye kona, toka nje ya lami kabisa. Dereva mwenye tani 30 hana namna ya kukuhurumia.

Hatua ya 5: Bondeni

Mteremko ukiisha watu hufurahi na kukanyaga. Kosa. Sasa uko kwenye mibuyu na miiba, joto linatoka juu na kwenye lami, na vijiji viko mbali. Beba lita 5 au 6 kutoka Fufu na ujaze tena kila unapopata, hata chupa ikiwa nusu. Maji matupu hayatoshi: kwa kila lita weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa. Mimi mara ile nilikunywa maji matupu siku nzima, na saa tisa nilikuwa nimekaa chini ya mbuyu nimesahau kama nimekula au sijala. Huko ndiko safari ilikoishia.

Usiburute tairi pembeni ya lami, miiba ya migunga inakusubiri. Saa sita hadi saa tisa lala kivulini.

Bwawa utaliona likiwa limetandaza maji kama bahari katikati ya ukame. Lilijengwa kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na baadaye likawekewa mtambo wake wa megawati 80. Picha za ukuta na mitambo usipige bila kuuliza walinzi. Usioge pia: viboko na mamba wapo. Perege wa kukaanga ule mmoja, wa pili utamjutia kesho. Ng'ambo ya pili ni mkoa wa Iringa, na salamu inageuka kuwa "Kamwene" ya Kihehe. Lala Migori.

Hatua ya 6: Nyang'oro

Ondoka kabla ya jua. Mlima ukianza kuinuka, weka gia ndogo mapema, kwa sababu ukibadilisha huku umekandamiza pedali cheni itakatika. Pumua kwa kufuata miguu. Kama huwezi kusema sentensi nzima, unakwenda kasi. Simama kila baada ya nusu saa, na kusukuma si aibu, mimi husukuma kona mbili. Usidandie lori hata likikupita polepole. Juu hewa inabadilika, jasho linapoa, na Isimani inafunguka na mashamba yake ya mahindi. Hapo ndipo Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipouawa siku ya Krismasi 1971, na wazee wanaokumbuka bado wapo, ukipenda kusimama kunywa chai. Vaa sweta. Mbele bado kuna vilima vya kukukera hadi mjini.

MASWALI YA WANACHAMA

Nkuhungu: Mkuu, mimi nina Phoenix ya gia moja. Nitafika?

Utafika, babu zetu walifika na magunia juu. Ila Nyang'oro utapanda kwa miguu karibu yote, kwa hiyo iwekee siku yake. Hakikisha breki za vyuma zimepakwa mafuta kwenye maungio na raba ni mpya.

Kongwa: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanamke, nataka kwenda peke yangu. Unashauri?

Marahaba dada. Kwa mara ya kwanza tafuta mwenzako mmoja, na hilo hata wanaume nawaambia, maana ukipasuka tyubu na kuishiwa nguvu kwa pamoja unahitaji kichwa cha pili. Ukienda peke yako, lala Fufu kwa mtendaji au kwa familia atakayokuonyesha yeye, na Migori kwenye nyumba ya wageni. Mpigie mtu wa nyumbani kila jioni kwa saa ile ile.

Area D: Nakwenda kusoma Austria mwakani. Nikiiweza Nyang'oro, milima ya Alps nitaiweza?

Kule ni habari nyingine kidogo. Njia ya Stelvio kule Italia inafika mita 2,757, na upande wa Prato una kona 48 zenye namba, kilomita kama 24 za kupanda mfululizo. Faida ni kwamba maji yapo kila kijiji na jua halikuui. Hasara ni kushuka: umelowa jasho, juu kuna baridi, vidole vinakufa ganzi na breki zinahitaji vidole. Wazee wa mbio huingiza gazeti kifuani chini ya koti kabla ya kushuka. Na usiende Aprili, njia za juu huwa zimefungwa kwa theluji, nyingi hufunguliwa kuelekea Juni. Ila ile ya bana-achia ya Fufu ichukue kama ilivyo.

Chang'ombe: Samaki wa Mtera je, nawapeleka Iringa kwa shemeji. Nawafunga wapi?

Wawe wakavu, na wafunge mbele kwenye usukani unapowaona. Nilifunga nyuma safari iliyopita, na mbwa wawili wa Isimani walinisindikiza kwa mwendo ambao kwenye tambarare sijawahi kuufikia.