Uso ukiwaka na una lupasi: ya kuandaa kabla ya kwenda kliniki ya ngozi

Mdogo wangu anaishi na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe. Januari moja, jua la Dar likiwa kali, uso wake ulianza kuwaka. Alipita duka la dawa la mtaani kwetu Tabata akapewa kitubu kidogo cha krimu. "Paka hii dada, siku tatu tu." Siku ya tatu uso ulitulia kweli. Wiki ya tatu ukarudi kwa kishindo, na safari hii mashavu yalikuwa na vipele vidogo vyenye usaha, ngozi inakwaruza kama msasa. Tulikwenda kliniki mikono mitupu, tukapoteza siku nzima. Haya ninayoandika ni yale ambayo natamani mtu angetuambia mapema.

Kitubu chenyewe ndicho cha kwanza kukiweka kwenye mkoba. Krimu nyingi zinazotuliza uso haraka zina steroidi kali, yaani dawa za kuzima uvimbe na wekundu, kama klobetasoli au betamethasoni. Zinabana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo wekundu unapungua, lakini papo hapo zinalegeza ulinzi wa ngozi, na chini yake utitiri unapata nafasi ya kuzaliana. Daktari asipojua umepaka nini, anausoma uso ambao dawa imeshaubadilisha. Beba kila kitubu na kila kopo, hata la mkorogo. Najua kuna aibu hapo. Mdogo wangu alilificha kopo lake hadi tulipokwenda mara ya pili. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini lakini bado zinauzwa kwa kificho, na mkorogo mwingi unachanganywa na steroidi bila wewe kujua. Kama umepaka kwa miezi, usiache kimyakimya nyumbani. Uso huweza kulipuka upya kwa wiki kadhaa, kwa hiyo muulize daktari namna ya kuiacha.

Nimetaja utitiri, na najua wengi watafikiria wale wa kuku. Hawa ni wengine. Wanaitwa Demodeksi, wana urefu wa kama theluthi moja ya milimita, na wanaishi ndani ya vitundu vya vinyweleo na tezi za mafuta usoni. Karibu kila mtu mzima anao. Mtoto mchanga anazaliwa bila wao, anawapata baadaye kwa kugusana nyuso na watu wanaompenda. Kwa hiyo usiingie kliniki ukidhani utaambiwa wewe ni mchafu, na usijisugue kwa sabuni kali au ndimu wiki moja kabla. Shida ni wingi wao: madaktari huanza kuwatilia shaka wanapozidi watano katika sentimita moja ya mraba. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa makusudi na dawa za lupasi kama prednisoloni, azathioprini au methotreksati, kuzidi huko ni rahisi zaidi.

Usijipime mwenyewe kwa kioo na kujihukumu. Upele wa lupasi wenye umbo la kipepeo hupita juu ya pua na mashavuni, kwa kawaida unauruka ule mkunjo unaoshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo, na hauna usaha. Utitiri unaleta vipele, kuwasha, na magamba meupe kwenye mizizi ya kope. Rosasea nayo, ugonjwa mwingine wa ngozi unaoleta wekundu na vipele usoni, inafanana na vyote viwili. Na mtu mmoja anaweza kuwa na lupasi na utitiri kwa pamoja, jambo ambalo ndugu wengi hawalitarajii. Kazi yako wewe ni kuleta ushahidi.

Ushahidi mzuri ni picha. Siku ya miadi uso unaweza kuwa umetulia kabisa. Piga picha uso unapowaka, asubuhi, karibu na dirisha, bila filta na bila poda: mbele, shavu la kulia, shavu la kushoto, na kope ukiwa umefumba macho. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kama ule wa kwenye vitabu vya nje. Unakuja kama zambarau, kama rangi ya damu ya mzee, au kama weusi uliokolea. Ndiyo maana wengine wanaambiwa hawana kitu. Andika basi unachohisi: unachoma, unawasha, ni wa moto ukiugusa kwa mgongo wa kiganja? Ulianza baada ya nini? Siku ile ulikaa upande wa jua kwenye daladala, au ulikuwa jikoni mbele ya moto wa mkaa? Jua huiamsha lupasi, na joto huiamsha rosasea, kwa hiyo jibu hilo dogo linamsaidia daktari sana.

Upande wa dawa za kumeza, beba maboksi yenyewe. Majina yanachanganyana mdomoni. Na usiache prednisoloni kwa kuwa umesikia inashusha kinga: mwili uliozoea dawa hiyo unaweza kuzidiwa vibaya ikikatwa ghafla. Kama unatumia wafarini ya kuyeyusha damu, iseme hata kama hukuulizwa, kwa sababu vidonge vya metronidazoli, ambavyo hutumika kwa matatizo haya ya uso, huiongezea nguvu na unaweza kutokwa damu. Doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, nayo huandikwa mara nyingi, na inaifanya ngozi iogope jua zaidi. Kwa mwenye lupasi anayeishi Dar hilo ni la kulizungumza kabla ya kupokea karatasi ya dawa. Ujauzito au kunyonyesha useme pia, maana ivermektini ya kumeza, dawa ya kuua utitiri, kwa kawaida haipewi mjamzito.

Barua ya rufaa, kadi ya bima, majibu ya vipimo vya karibuni. Hayo unayajua.

Asubuhi ya kliniki nawa uso kwa maji tu, usipake mafuta, poda wala losheni. Jikinge na jua kwa mwavuli au mtandio mpana. Sababu ni kipimo chenyewe. Mtaalamu alitia tone la gundi kali kwenye kioo kidogo, akakibandika kwenye shavu la mdogo wangu, tukasubiri kama dakika moja, kisha akakibandua taratibu. Haikumuuma. Alituruhusu kuchungulia kwenye darubini: vijiti vyembamba vinavyong'aa kama nta, kila kimoja na miguu minane mifupi imejaa upande wa kichwani, vinajongea polepole kama vile havina haraka na mtu. Mdogo wangu alinyamaza kwa muda, halafu akasema, "Kumbe si lupasi imerudi." Alikuwa amebeba hofu ile kwa wiki tano.

Kuna hali ambazo hazisubiri miadi. Jicho likiuma, likichukia mwanga au likianza kuona ukungu, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Miguu ikivimba, mkojo ukawa na povu, au homa ikapanda pamoja na upele, hiyo ni ya daktari wako wa lupasi, kwa sababu figo huweza kuwa zinashambuliwa.

Jiandae pia kwa muda. Utitiri mmoja huishi wiki mbili hadi tatu, na kwenye ngozi daima kuna mayai yanayosubiri zamu yake, kwa hiyo dawa ya kupaka ya kuua utitiri hupimwa kwa wiki, haipimwi kwa siku tatu za kitubu. Siku za mwanzo uso unaweza hata kuwaka zaidi. Sisi tuliweka kalenda ukutani, juu ya ndoo ya maji, na kila Jumapili asubuhi tunapiga picha palepale dirishani.